Kamba ya Cucu na Rekodi ya Mita Elfu na Mia Tano

Wapo watu ambao wakisikia harufu ya mvua hukumbuka mahindi ya kuchoma. Mimi nikisikia harufu ya mkonge uliolowa, hukasirika. Ni harufu nzito, nusu nyasi nusu mbuzi, na ikinifika puani mabega hunipanda yenyewe na mdomo hujiandaa kubishana hata kama hakuna wa kubishana naye. Juzi ilinikuta hapa Meru, Majengo, kwenye kibanda cha magunia na kamba nilikokwenda kununua kamba ya mbuzi, mita kumi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na robota la kamba lilikuwa limeachwa nje. Mwenye kibanda alipochukua kijiti chake cha kupimia, nilimshika mkono nikamwambia angoje kwanza. Alinitazama akijiuliza kama niko sawa, na simlaumu, maana hakujua kwamba wakati huo sikuwa Majengo tena. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, pekupeku, kwenye uwanja wa shule yetu ng'ambo ya Ishiara, na nilikuwa nimenyimwa haki yangu.

Shule yetu ilikuwa na ukuta mmoja tu wa maana, ule wa ofisi ya mwalimu mkuu. Ulikuwa umepakwa rangi ya buluu, na juu yake, kwa herufi nyeupe, ziliandikwa rekodi za michezo za shule: mchezo, jina, kisha muda au umbali. Mita mia moja wavulana. Kuruka juu. Kurusha mkuki, Elias N. Miaka hiyo redio haikumaliza wiki bila kutangaza Mkenya aliyevunja rekodi fulani huko Ulaya, na mimi nilisikiliza nikidhani huko nako kuna ukuta wa buluu mahali na mtu mwenye brashi. Mstari niliokuwa nikiutazama kila asubuhi ulikuwa mmoja: Mita 1500 wasichana, Igoki. Igoki huyo alisoma hapo hapo, akaenda chuo cha ualimu, akarudi kutufundisha. Sasa alikuwa Madam Igoki, mwalimu wetu wa hesabu na wa michezo, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, ambaye alivuka uwanja kwa hatua za mtu anayekagua shamba lake.

Kuhusu ukuta ule nilikuwa na imani yangu ambayo sikumwambia mtu. Niliamini kwamba aliyeandikwa pale hawezi kutolewa shuleni. Ushahidi nilikuwa nao. Kila muhula niliona watoto wakiondoka, huyu kuchunga mbuzi, yule kuchuma majani ya muguka ya kuuza, mwingine kulea mtoto wa watu mjini, na sikuwahi kuona hata mmoja akiondoka huku jina lake liko ukutani. Haikunipitia akilini kwamba wote walioandikwa walikuwa wameshaondoka kabla mimi sijafika. Nilihitaji kitu cha kushikilia, na ukuta ulikuwa karibu.

Nililelewa na cucu, nyanya yangu mzaa mama, ambaye mikono yake haikukaa bure. Akimaliza kupalilia pojo, aliketi mlangoni, akakunja leso, akaanza kusokota mkonge juu ya paja. Mwanawe, mjomba wangu, alifanya kazi Embu mjini na alikuja kwetu na sukari na maneno mengi. Januari ile alikuja na neno moja tu. Kuna familia mjini inatafuta msichana wa kukaa na mtoto, na shule zikifungwa Aprili atanipeleka.

“Ako na miaka kumi na tatu na bado yuko darasa la sita,” alimwambia cucu kwa Kimbeere chetu, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo na sufuria mkononi. “Hata akimaliza la nane, kwani ataenda wapi?”

Cucu hakujibu. Aliendelea kusokota. Nilichukulia kimya chake kuwa amekubali, na usiku huo nilimchukia kwa moyo wangu wote. Kulipokucha nilianza kukimbia. Nilikimbia kwenda mtoni na mtungi mtupu, nilikimbia kwenda shule, nilikimbia kurudi kula chakula cha mchana, na wenzangu waliponiuliza ninafukuzwa na nani niliwaambia wangoje waone.

Lazima nieleze jinsi uwanja wetu ulivyopimwa, maana kila kitu kilitokea hapo. Kila mwaka mvua na mbuzi walifuta mistari, na kila muhula wa kwanza ilibidi uchorwe upya. Shule haikuwa na utepe wa kupimia. Ilikuwa na kamba ya mkonge ya mita ishirini na tano, aliyoisokota cucu mwenyewe zamani kama mchango wake wa mzazi, ikapimwa kwa ile rula ya mita ya ubaoni, ikafungwa fundo kila mwisho. Kamba kumi na sita, duara moja, mita mia nne. Mwalimu mmoja alishika mwanzo, mwingine mwisho, na sisi wasichana tulifuata na mikebe ya majivu tuliyotoa jikoni kwetu, tukimwaga mstari mweupe kwenye udongo mwekundu. Mwaka huo mvua iliwahi. Ilinyesha usiku kucha na kamba ilikuwa imesahauliwa kwenye ua. Asubuhi Madam Igoki aliichukua hivyo hivyo, ikidondosha maji, akasema kazi iendelee. Nakumbuka ile harufu, na majivu yakiganda kwenye vidole vyangu.

Jumanne tulikimbia. Wasichana tisa, duara tatu na robo tatu. Mwalimu Njiru, naibu wa mwalimu mkuu, ndiye aliyeshika saa. Sikumbuki mengi ya mbio zenyewe ila kifua kuwaka na mwiba ulioniingia kisigino cha kushoto katika duara ya pili, ambao niliamua kwamba tutazungumza naye baadaye. Nilipofika, Mwalimu Njiru aliitazama saa, akaitikisa, akaitazama tena.

“Madam,” aliita, “kuja uone hii kitu. Huyu amekupiga na sekunde nne.”

Madam Igoki alikuja, akaona, akakubali kwa kichwa polepole. Alisema mkebe wa rangi upo, nitaandikwa Ijumaa. Nililia mbele ya kila mtu bila aibu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye kitabu cha ubatizo. Nilifika nyumbani nikamwambia cucu amtumie mjomba habari kwamba atafute msichana mwingine.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Madam aliniita uwanjani. Jua lilikuwa limewaka siku mbili na kamba ilikuwa miguuni pake, imekauka, imekuwa nyepesi na yenye rangi ya nyasi. Alikuwa amepima tena peke yake.

“Ciarunji, sikiza vizuri,” alisema. “Kamba ya kumi na sita imepita mstari wa kuanzia. Imepita na hatua saba. Uwanja ni mfupi, na umeuzunguka karibu mara nne. Ukihesabu hizo hatua zote, hiyo time haiwezi kusimama.”

“Lakini saa ilisema.”

“Saa haikudanganya. Ni uwanja. Sitakuandika.”

Nilimtazama usoni nikaona kile nilichotaka kuona. Niliona mtu anayelinda jina lake. Nani asingelilinda? Alikuwa ameishi na mstari ule tangu akiwa mtoto, akaenda chuo akaurudia, na sasa kimsichana cha miguu yenye nyufa kinataka kumfuta. Nilienda nyumbani nikikimbia, mara hii kwa hasira tupu, nikamwagia cucu yote. Nilitegemea atakasirika pamoja nami. Badala yake aliuliza swali moja.

“Walipima ikiwa imelowa?”

“Ndiyo.”

“Basi mwalimu wako amesema kweli. Mkonge ukinywa maji hujikaza. Kwa nini nakukataza kumfunga mbuzi karibu na mti mvua ikinyesha? Kamba ile ikilowa inapungua shubiri mbili, naijua, niliisokota mimi.”

Nilimwambia hata yeye yuko upande wao. Nilimwambia anataka niende Embu nikaoshe nepi za watu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, mikono yake ikiendelea kusokota, kwamba kuna jambo moja hajawahi kulifikiria hadi leo. Mwaka ambao Igoki alikimbia akaandikwa, shule ilitumia kamba hiyo hiyo, na mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Anakumbuka kwa sababu walimrudishia kamba ikiwa bado imelowa na yeye akagombana na mwalimu wa wakati huo kwamba itaoza.

Nililala na maneno hayo nikiyapiga msasa.

Ijumaa asubuhi tulipanga mstari mbele ya ukuta wa buluu. Mkebe wa rangi nyeupe ulikuwa umewekwa chini, brashi juu yake, maana kulikuwa na rekodi ya kuruka umbali ya mvulana mmoja wa darasa la nane. Mwalimu Njiru alitangaza, akaeleza kwamba ya mita elfu na mia tano haitaandikwa kwa sababu za kipimo. Watoto wakaguna. Ndipo nilipotoka kwenye mstari. Wakati ule mwanafunzi hakutoka mstarini bila kuitwa, na hakumuuliza mwalimu swali ambalo si la somo. Nilitoka.

“Madam,” nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, “na yako ilipimwa kamba ikiwa imekauka?”

Mwalimu Njiru alikuwa tayari amefika kwangu, mkono kwenye fimbo. Madam Igoki aliinua kiganja, akasimama. Hakunitazama mimi, alitazama ukuta.

“Hapana,” alisema. “Ilikuwa imelowa.”

Aliinama, akachukua brashi, na badala ya kuomba ile nyeupe akamtuma kiranja alete ya buluu iliyobaki stoo. Alipaka juu ya jina lake mbele yetu, herufi kwa herufi, bila haraka, kisha juu ya muda wake, mpaka ukabaki mstari unaosema Mita 1500 wasichana na baada yake hakuna kitu. Ungefikiri nilifurahi. Sikufurahi hata kidogo. Nilitaka jina langu pale, sikutaka pengo. Kama hakuna rekodi, nitavunja nini? Nilijiona nimejichimbia shimo mwenyewe, na siku ya kufunga shule ilikuwa imebaki wiki mbili.

“Kamba ikikauka kabisa tutapima tena,” Madam alisema alipokuwa akifunika mkebe. “Na utakimbia.”

Mvua ilinyesha wiki hizo mbili zote. Ikiacha asubuhi inarudi jioni, na kamba ya shule haikupata hata saa moja ya kukauka. Nilizunguka nyumba nikiitukana mvua ambayo watu wote wa Mbeere walikuwa wakiishukuru. Cucu alienda shuleni siku moja bila kuniambia, akarudi na kamba chini ya leso, akaitundika juu ya mafiga, kwenye dari ya jikoni tunakokaushia mahindi ya mbegu. Hakusema ni ya nini, na mimi nilikuwa bado nimemkasirikia kiasi cha kutouliza.

Siku ya kufunga shule jua lilitoka. Wazazi walikuja kuchukua ripoti, na mjomba alikuja na viatu vyake vya mjini na begi tupu la kutilia nguo zangu. Nilimwona kutoka mbali. Alikuja moja kwa moja akaniambia twende, gari la kurudi Embu halingoji mtu.

“Siendi,” nilisema. “Sijakimbia bado.”

“Kukimbia wapi?”

Kabla sijajibu, cucu alitokea nyuma ya wazazi, kamba mabegani, nyeusi kwa moshi na imekauka kama kuni. Alimkabidhi Madam fundo moja. Fundo la pili alimpa mwanawe.

“Shika,” alimwambia. “Vuta mpaka ikaze.”

“Mama, mimi nimekuja kuchukua mtoto.”

“Nimesikia. Shika kwanza.”

Mjomba alishika. Ulikuwa mwisho wa muhula, nusu ya kijiji ilikuwa inatazama, na mwanamume hakatai kamba anayopewa na mama yake mbele ya watu. Alizunguka uwanja mzima akiwa ameshika fundo lile, mara kumi na sita akiinama, viatu vyake vikibeba tope jekundu, na sisi tukimfuata na majivu. Kamba ya kumi na sita ilipovutwa ilipita mstari wa zamani wa kuanzia kwa hatua saba, kama Madam alivyosema.

Nilikimbia peke yangu. Wenzangu walikuwa wameshachukua ripoti na hakuna aliyetaka kulowa jasho siku ya kufunga. Kukimbia peke yako ni kugumu, huna wa kumchukia. Nilimchukia mjomba, nilichukia begi, nilichukia zile hatua saba ambazo zilinisubiri mwisho wa kila duara, na katika duara ya mwisho nikasikia sauti ya Madam Igoki, ambaye hakuwa mtu wa kelele, ikiniita kwa jina kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Mwalimu Njiru alisimamisha saa. Nilikuwa nimechelewa kwa sekunde mbili kuliko muda wa zamani uliofutwa.

“Imerudi nyuma,” mtoto mmoja alisema, na wengine wakacheka. “Rekodi ya kurudi nyuma.”

“Hii ndiyo ya kwanza,” Madam alisema, na akaenda kuchukua rangi nyeupe.

Aliandika Ciarunji, akaandika muda. Rangi ilikuwa bado inateleza nilipomgeukia mjomba, aliyekuwa anafuta kiatu kwa jani la mgomba.

“Umeona?” nikamwambia. “Sasa huwezi kunitoa. Aliyeandikwa hapa hatolewi shule.”

“Nani alikwambia hivyo?”

Nilifungua mdomo, nikagundua hakuna aliyeniambia. Mjomba alisogea ukutani. Aliinua mkono akaweka kidole kwenye mstari wa kurusha mkuki, juu ya lile jina ambalo nililisoma kila asubuhi, Elias N., jina ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyelitumia, maana kwetu aliitwa Mjomba, na cucu alimwita mwanangu.

“Huyu ni mimi,” alisema. “Na nilitolewa darasa la sita. Baba alikuwa amekufa na mbuzi hawakuwa na mtu.”

Cucu alikuwa amesimama karibu. Alitazama chini. Ndipo nilipoelewa kile kimya chake cha Januari, na kwamba hakikuwa kukubali. Ukuta wangu wote uliniporomokea. Ilikuwa ni rangi tu, rangi ya buluu na rangi nyeupe, na mtu anaweza kuandikwa pale na bado akaenda kushika mkia wa mbuzi.

“Walipokutoa ulisema nini?” nikamuuliza.

Alifikiria. “Sikusema kitu.”

“Mimi nasema. Siendi.”

Mjomba alinitazama, kisha akamtazama mama yake.

“Umesikia,” cucu alimwambia.

Alikiondoa kidole ukutani. Kisha akalikunja lile begi tupu, akalitia kwapani, akatembea kuelekea barabarani na viatu vyake vya tope. Sukari aliendelea kuleta. Neno la Embu hakulileta tena.

Madam Igoki aliniambia miaka baadaye, nilipokwenda kumwona nikiwa mtu mzima, kwamba yeye na ule muda wake mzuri alipelekwa mashindano ya wilaya Embu, kwenye uwanja wa kipimo cha kweli, akaachwa karibu nusu duara mbele ya umati mzima akiwa hajui kosa ni lipi. Hakutaka mimi nikaligundue kosa hilo huko. Kumbe sikuwa nimeona wivu usoni mwake, nilikuwa nimeona aibu ya zamani. Nimemsamehe nusu. Nusu nyingine bado nasema angeniambia siku ile ile uwanjani, na nilimwambia hivyo nikinywa chai yake. Rekodi yangu ilidumu miaka mitatu. Msichana mmoja aliivunja, nikapelekewa habari, na nilichouliza ni kama kamba ilikuwa imekauka. Niliambiwa ilikuwa imekauka. Basi, nikasema, ni yake.

Nikarudi Majengo, kwa mwenye kibanda aliyekuwa bado ameshika kijiti.

“Mama,” alinieleza kwa upole, “ukipima ikiwa imelowa ni wewe unafaidika. Ikifika nyumbani ikikauka inaongezeka. Ukingoja ikauke, hiyo ni hasara yako.”

“Najua,” nikamwambia.

Nikavuta debe, nikaketi, nikangoja jua.